Nimekimbia na nani leo? Njia nne za kugawa tuzo za marika katika mbio za Mombasa

Saa 1 na dakika 52 tangu filimbi ya kuanza, mzee mmoja wa Tudor alivuka mstari wa mwisho pale Mama Ngina, akashika magoti, akavuta pumzi, kisha akaja moja kwa moja kwenye meza yetu ya matokeo. Fulana imemganda mgongoni, chumvi ya jasho imemchora mistari myeupe mashavuni. Ana miaka 67, mstaafu wa bandarini, na alikuwa amemaliza kilomita 21 bila kutembea hata hatua moja. Hakuuliza amekuwa wa ngapi. Aliniuliza, "Mwalimu, leo mimi nimekimbia na nani?"

Nilikosa la kumjibu. Fomu ya mbio zile ilikuwa na makundi mawili tu: wazi, na "wakongwe, miaka 40 kwenda juu", wanaume na wanawake pamoja. Zawadi ya wakongwe ilikwishachukuliwa na mtu wa miaka 41 aliyewahi kuishi kwa riadha, akasafiri mpaka Ulaya kukimbia, na siku ile akamaliza kwa saa 1 na dakika 12. Kwenye karatasi, mzee wetu alikuwa amekimbia na huyo. Barabarani walionana mara moja tu, upande wa Nyali, mmoja akirudi na mwingine akienda.

Sasa zamu ni yetu. Kikundi chetu cha alfajiri kimeombwa kiandae mbio za hisani, kilomita 21, msimu wa kusi, joto likipungua kidogo. Kamati imegawanyika juu ya tuzo za marika, na najua hatuko peke yetu, kwani mji huu sasa una mbio za shule, za hospitali, za misikiti na za makanisa, na kila kamati huulizana swali lile lile. Nimeziweka njia nne ubavu kwa ubavu. Nina upande wangu, na sitauficha.

Watu watano, karatasi moja

Nilirudi nyumbani na karatasi ya matokeo ya siku ile. Waliomaliza wakiwa na miaka 40 au zaidi walikuwa thelathini na kitu. Nimechagua watano, nikawapanga upya mara nne kana kwamba walikuwa peke yao barabarani. Namba zilizo kwenye safu nne za mwisho ni nafasi ya kila mmoja. Safu ya mwisho, mizani ya umri, hupima muda wa mtu kwa kiwango cha umri wake, nami naieleza hapa chini.

| Mkimbiaji | Umri | Muda | Kundi moja 40+ | Miaka kumi kumi | Miaka mitano mitano | Mizani ya umri |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Mwanariadha wa zamani | 41 | 1:12 | 1 | 1 (40–49) | 1 (40–44) | 1 |
| Dereva wa tuktuk | 44 | 1:34 | 2 | 2 (40–49) | 2 (40–44) | 5 |
| Fundi seremala | 53 | 1:38 | 3 | 1 (50–59) | 1 (50–54) | 3 |
| Mstaafu wa bandarini | 67 | 1:52 | 4 | 1 (60–69) | 1 (65–69) | 2 |
| Mama mpika mahamri | 58 | 2:01 | 5 | 1 (wanawake 50–59) | 1 (wanawake 55–59) | 4 |

Watu ni wale wale, jasho ni lile lile. Kilichobadilika ni mstari tuliouchora sisi wa mezani, wiki kadhaa kabla, tukinywa chai. Ndiyo maana nasema kamati isiuchore kwa mazoea.

Kundi moja la wakongwe

Hili halinichukui muda. Faida yake ni bahasha chache na hesabu rahisi. Hasara yake mmeiona: mama wa miaka 58 anapimwa na mwanamume wa miaka 41. Kama kamati haina fedha za zaidi ya zawadi moja, afadhali iseme wazi kwamba zawadi ni ya anayemaliza kwanza, basi, kuliko kuandika "wakongwe" na kuwaita wazee waje kumsindikiza mtu wa miaka 41.

Kumi kumi au mitano mitano?

Hapa ndipo kamati nyingi hubishana, na hubishana vibaya, kwa sababu zinatafuta upana mmoja wa kuwafaa wote kuanzia miaka 20 hadi 80. Mwili hauteremki hivyo. Uwezo wa kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu aliyekaa tu. Anayefanya mazoezi kwa bidii huupunguza mteremko huo sana, ingawa hawezi kuuzuia. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka hata ukimbie kila siku. Misuli nayo husinyaa. Kati ya miaka 25 na 40, mkimbiaji wa masafa marefu hapotezi mengi. Baada ya 60 mteremko unakuwa mkali, na baada ya 70 unakuwa mkali zaidi.

Tazama viwango vya kufuzu Boston Marathon, mbio zilizoanza mwaka 1897 na ambazo mtu wa kawaida huingia kwa muda wa kufuzu unaolingana na umri wake, au kwa kuchangia hisani. Kwa mbio za 2026, mwanamume wa chini ya miaka 35 alitakiwa kuwa amekimbia kilomita 42 kwa saa 2 na dakika 55. Wa miaka 35 hadi 39 aliongezewa dakika 5 tu. Wa miaka 60 hadi 64 alipewa saa 3 na dakika 50, na wa 65 hadi 69 saa 4 na dakika 5. Kutoka rika hilo moja hadi linalofuata ni dakika 15, na kila rika baada ya hapo linaongezewa 15 nyingine. Kwa hiyo ukiwaweka watu wa 60 hadi 69 pamoja, umewachanganya watu ambao Boston inawatenganisha kwa robo saa. Na ukiwagawa walio kati ya 20 na 39 mara nne, unatoa bahasha nne kwa tofauti ya dakika 5.

Mzee wetu angekuwa na miaka 69, na kwenye 60–69 akaja mtu aliyetimiza 60 juzi, angekuwa amerudi pale pale pa kuuliza amekimbia na nani.

Shirika la riadha ya wakongwe duniani, World Masters Athletics, huanzia miaka 35 na kupanda mitano mitano, wanawake kwa wanaume. Kwa mashindano ya dunia, ambako watu wanatoka mabara yote, mpango huo unafaa sana. Tatizo la kuuleta Mombasa ni idadi. Katika karatasi yangu, mzee wetu alikuwa peke yake kwenye 65–69. Angepanda jukwaani, angepigiwa makofi, angepewa kikombe. Lakini yeye si mtoto. Anajua tofauti ya kushinda na kuwapo. Mtu aliyeamka saa tisa usiku akanywa uji, akasoma dua yake na kuingia barabarani, anastahili mpinzani.

Neno lenyewe tulilo nalo linatusaidia kufikiri. Rika kwa Kiswahili si hesabu ya miaka. Ni watu waliocheza pamoja, wakaenda jandoni pamoja, wanaojuana nani alikuwa mwepesi na nani mzito. Ukimwambia mtu "huyu ni rika lako" umempa mtu wa kujipima naye bila kuonewa. Rika la mtu mmoja halipo.

Kwa hiyo napendekeza upana usiwe mmoja. Chini ya miaka 40 wote wawe kundi moja, kisha 40–49, kisha 50 kwenda juu iwe mitano mitano. Kila rika litakalokuwa na watu wasiofika watatu liunganishwe na la jirani. Watakaounganishwa hivyo wapimwe kwa njia ya nne, ninayoieleza hapa chini, ili aliye mkubwa asimezwe.

Mizani ya umri

Njia hii inaondoa mistari kabisa. Kila umri, mwaka kwa mwaka, una muda wake wa juu unaotokana na rekodi za dunia za umri huo, kwa kila masafa, wanaume mbali na wanawake mbali. Unagawa muda huo kwa muda wako, unapata asilimia. Majedwali ya kwanza yalichapishwa mwaka 1989 na shirika la wakongwe, kabla halijabadilisha jina kuwa World Masters Athletics, na yamekuwa yakirekebishwa tangu hapo. Vikokotoo vyake viko kwenye intaneti bila malipo. Unaweka umri, jinsia, masafa na muda, na jibu linatoka papo hapo. Kwa desturi, asilimia 60 huitwa kiwango cha mtaa, 70 cha mkoa, 80 cha taifa, na 90 cha dunia.

Ili wanakamati waielewe bila simu, niliwafanyia hesabu ya mkono kwa viwango vya Boston. Mzee wetu alitumia dakika 112. Kiwango cha umri wake ni dakika 245, na cha kijana ni 175. Zidisha 112 kwa 175, gawa kwa 245. Unapata dakika 80. Yaani nusu marathoni yake ya saa 1 na dakika 52 ina uzito wa kijana aliyekimbia saa 1 na dakika 20. Dereva wa tuktuk, aliyemwacha kwa dakika 18, anapata karibu dakika 89. Mama mpika mahamri, ambaye kwenye fomu ile ya zamani alikuwa wa mwisho kati ya watano, anapata dakika 88 na kumpita dereva. Viwango vile ni vya kilomita 42 nami nimevitumia kwa 21, kwa hiyo ni makisio, na siku ya tuzo msitumie hesabu hii bali jedwali lenyewe. Lakini nilipoiandika ubaoni, mwanakamati mmoja aliyekuwa akipinga alinyamaza, akaomba chaki, akapiga hesabu ya marehemu baba yake.

Anayedhani mizani hii inawapendelea wazee amtazame Ed Whitlock wa Kanada. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, alimaliza kwa saa 3, dakika 56 na sekunde 34. Mzee anapimwa kwa watu wa namna hiyo, na kupata asilimia 70 mbele yao ni kazi.

Njia hii ina kasoro mbili ambazo ni lazima nizitaje.

Ya kwanza ni kwamba ushindi hauonekani kwa macho. Watu wamesimama juani Mama Ngina, na madafu mkononi, wanamwona dereva akiingia dakika 18 mbele ya mzee. Nusu saa baadaye kipaza sauti kinasema mzee amemshinda. Kama hakuna aliyewaeleza kabla, watahisi wameibiwa, na dereva mwenyewe atahisi hivyo zaidi. Mbio zina utamu wa kumwona mpinzani mgongo wake, ukaamua kumfuata. Asilimia hazina mgongo.

Ya pili ni joto. Rekodi zilizolea majedwali haya zilikimbiwa mara nyingi kwenye miji ya baridi. Mtu anavyozeeka, kiu humjia kwa kuchelewa na jasho hupoza mwili kwa uzembe zaidi. Mombasa haimsamehi hata kijana. Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalipofanyika hapa kwenye uwanja wa gofu, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa hashikiki, alishindwa kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa. Bekele alikuwa na miaka 24. Sasa mfikirie mtu wa miaka 67 saa mbili asubuhi, jua limeshapanda na upepo wa bahari umekatika. Jedwali linampa nyongeza ya umri, halimpi nyongeza ya joto linalomwelemea kuliko wenzake. Kwangu hiyo si sababu ya kuliacha jedwali. Ni sababu ya kuanza mbio kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na kuweka meza za maji karibu karibu hasa katika nusu ya pili ya njia, ambako jua likishapanda wazee ndio walio wengi.

Hata Ironman, mbio ndefu za kuogelea, baiskeli na miguu zilizoanzia Hawaii mwaka 1978, wameelekea kwenye mchanganyiko. Kwa miaka mingi nafasi za kwenda ubingwa wa dunia ziligawiwa kwa marika kulingana na idadi ya washiriki. Kuanzia kufuzu kwa 2026, mshindi wa kila rika anapata nafasi yake, na zinazobaki zinagombewa kwa muda uliorekebishwa kwa umri. Marika yanabaki ili watu wapate wapinzani, na mizani inawashika waliokimbia vizuri ndani ya rika gumu. Ndivyo ninavyotaka tufanye sisi, kwa kipimo chetu kidogo.

Mizani haimwondoi mtu wa kulipwa

Rudi kwenye jedwali utazame mstari wa kwanza. Mwanariadha wa zamani ni wa kwanza katika safu zote nne. Hakuna upana wa rika wala hesabu itakayomwondoa, kwa sababu tofauti yake na wengine haitokani na umri. Hapa ndipo haki ya mbio zetu inapovuja, na kamati nyingi hazitaki kupagusa.

Kenya na jirani yake Ethiopia si nchi ambazo miaka 40 inamweka mtu pembeni. Huyo huyo Bekele aliyekwama Mombasa alikuwa wa pili London mwaka 2024, akiwa na miaka 41, kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 15. Mwaka huo huo Edna Kiplagat wetu alikuwa wa tatu Boston akiwa na miaka 44. Nyuma ya hao wawili kuna wengi wasiojulikana, waliorudi kutoka ng'ambo wakiwa na miaka 36 au 38, ambao bado wanaamka alfajiri Iten, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mmoja wao akipanda basi la usiku kuja Pwani, shilingi elfu ishirini za wakongwe tayari ni zake kabla hajashuka stendi.

Sitamlaumu. Alikuja na fomu iliyomruhusu, alikimbia kihalali, na fedha ile ni karo ya mtoto. Nilimkabidhi bahasha kwa mikono miwili na nikampongeza kwa moyo. Kosa lilikuwa letu tulioandika "wakongwe" tukimaanisha watu wa ridhaa, wasiokimbia kwa malipo, halafu hatukuandika ridhaa popote.

Na neno ridhaa limepoteza ulinzi wake. Shirika la riadha la dunia lililiondoa kwenye jina lake mwaka 2001, baada ya miaka mingi ya fedha kuingia michezoni. Leo hakuna kadi inayoonyesha nani ni wa ridhaa. Kamati ndiyo inayopaswa kuuliza. Ironman wana njia yao, maana waliochukua leseni ya kulipwa hushindana katika kundi lao na wa marika kwao. Sisi hatuna leseni, lakini tuna fomu. Swali moja linatosha: je, katika miaka mitano iliyopita umepokea fedha za zawadi nje ya nchi, au umekuwa na mkataba wa viatu au wa kambi? Akijibu ndiyo, anakaribishwa kwa heshima zote kwenye kundi la wazi, ambako zawadi ni kubwa zaidi. Akidanganya, matokeo yake yanajulikana, kwa kuwa mbio kubwa zote huchapisha majina na muda.

Jambo jingine lenye nguvu kuliko swali hilo ni kuhamisha fedha. Bahasha nono iwe ya kundi la wazi. Tuzo za marika ziwe vitu: viatu, saa ya mkononi, kanga nzuri, gunia la mchele, nafasi ya bure ya mwaka ujao. Hakuna atakayesafiri usiku kucha kwa kanga, na mama mpika mahamri ataivaa harusini akieleza ilikotoka.

Na aliyetwaa tuzo ya jumla asitwae ya rika. Akipanda, wa pili wake anakuwa wa kwanza wa rika. Wengine huona hili linamnyima mtu ushindi wake. Mimi naona amekwishapewa mkubwa zaidi.

Umri wa lini?

Hili laonekana dogo, lakini kwetu Pwani ni kubwa. Boston huhesabu umri wa siku ya mbio. Ironman na triathloni huhesabu umri utakaokuwa nao Desemba 31 ya mwaka huo. Kamati yetu ilitaka kufuata Boston mpaka tulipoanza kupanga nakala za vitambulisho. Kitambulisho baada ya kitambulisho cha wazee kimeandikwa Januari 1. Walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na walipokwenda kuandikishwa wakakumbuka mwaka, au mwaka wa njaa, au mwaka wa mvua kubwa, na karani akajaza siku. Ukitumia umri wa siku ya mbio, unajenga haki juu ya tarehe aliyoibuni karani. Mzee aliyezaliwa kweli Novemba anahesabiwa mkubwa kwa miezi kumi kuliko mwenzake mwenye cheti cha hospitali.

Ukitumia Desemba 31, siku haina kazi tena. Wote waliozaliwa mwaka mmoja wako pamoja. Mwaka wenyewe huenda ukawa wa kukisia, hilo hatuwezi kulitengeneza, lakini angalau hatuongezi kosa juu ya kosa. Katika mambo yote niliyoandika hapa, hili ndilo ningeng'ang'ania hata kama mengine yote yakikataliwa.

Saa ipi, na nani anajua

Kama mna chipu, kile kidude kinachorekodi muda wa kila mkimbiaji, na mkeka wa kuanzia unaoisoma, marika yapimwe kuanzia mtu anapokanyaga mkeka. Kundi la wazi libaki na muda wa filimbi, kama kanuni za kimataifa zinavyotaka kwa nafasi. Wazee hujipanga nyuma kwa adabu, barabara ya kuanzia ni nyembamba, na sekunde arobaini za kusubiri wengine watoke si za kumhesabia mtu. Kama hakuna chipu, wapeni wazee mstari wao mbele kulia.

Afrika Kusini wana desturi moja inayotufaa sana. Mkimbiaji wa barabarani hubandika rika lake kwenye fulana, kifuani na mgongoni. Unamwona mtu mbele, unasoma, unajua kama ni wako wa kumfukuza au umwache aende zake. Kwenye kikao, kina mama walikataa mara moja, na nawaelewa, maana si kila mtu anataka miaka yake isomwe na mji mzima kuanzia Buxton mpaka Lighthouse. Bi mmoja akatoa suluhisho ambalo limenipendeza: herufi badala ya namba. Kila rika na herufi yake, orodha ya herufi ibaki kwa wakimbiaji wenyewe.

Desturi nyingine ya huko ni ya Comrades, mbio za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg zilizoanza 1921. Medali yako hutegemea muda uliomaliza: dhahabu kwa kumi wa kwanza wa kila jinsia, fedha kwa wanaume wa kati ya saa 6 na saa 7 na nusu, na nyingine zinashuka hadi saa 12. Nilivutiwa, kwa maana unashindana na saa na hakuna wa kumlalamikia. Lakini viwango vile ni vile vile kwa wa miaka 30 na wa miaka 65, kwa hiyo swali la mzee wetu linabaki mezani.

Kwa hiyo mchague nini

Kama mnatarajia watu chini ya 150, msihangaike na marika mengi, yatakuwa na mtu mmoja mmoja. Toeni tuzo za wazi, kisha tuzo tatu za mizani ya umri kwa wanaume na tatu kwa wanawake, kila upande kwa jedwali lake. Elezeni hesabu kwenye fomu kwa mfano mmoja, na mtangazaji aieleze tena kabla ya filimbi, ili dereva wa tuktuk ajue tangu mwanzo kwamba yule babu nyuma yake ni mpinzani.

Mkifika watu mia tatu, mia nne, chukueni marika mapana chini na membamba juu kama nilivyoeleza, na mizani itumike kwa marika yaliyounganishwa na kwa kikombe kimoja cha siku, cha aliyepata asilimia kubwa kuliko wote. Mbio za shule au za familia za kilomita tano hazihitaji lolote kati ya haya. Wapeni wote medali na mahamri.

Na wewe mkimbiaji unayechagua pa kulipa ada yako, uliza mambo matatu kabla ya kutuma fedha: marika ni yapi, umri unahesabiwa lini, na waliokimbia kwa malipo wamewekwa wapi. Kamati iliyofikiri itakujibu kwa sentensi tatu.

Yetu imekubali mizani, imekubali Desemba 31, na bado inabishana juu ya kanga. Fomu za kwanza zimetoka wiki hii. Mzee wa Tudor alikuja kuchukua yake mwenyewe, akaisoma amesimama, akauliza herufi H ni ya kina nani. Nikamwambia ni 65 hadi 69, na kwamba mpaka sasa wamejiandikisha watatu: yeye, mvuvi mmoja wa Likoni, na mwalimu mstaafu wa Bamburi anayesemekana hukimbia daraja la Nyali kwenda na kurudi kila Jumamosi. Alikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Huyo wa Bamburi," akaniuliza, "hutoka saa ngapi?"